MTIHANI WA HISABATI NA ZAMU YA USIKU



Kila msimu wa mitihani unapokaribia hapa Kampala, twawaona wenzetu wakija kazini macho mekundu, karatasi zimekunjwa mfukoni mwa ovaroli. Hao ni mafundi umeme, mafundi bomba, makarani na wapimaji ambao, baada ya kutoka kazini, hupanda teksi kwenda kusomea diploma katika madarasa ya jioni. Masomo mengi wanayamudu. Linalowarudisha nyumbani vichwa chini ni moja, nalo ni hisabati. Leo twataka kuzungumza juu ya mtihani wa mwisho wa somo hilo, na twauzungumza kama jambo la chama, wala si jambo la mtu binafsi.

Twajua wapo wanachama watakaouliza: chama kina kazi ya mishahara, kina kazi ya kufuatilia michango ya NSSF, mambo ya kalkulasi yanakihusu nini? Yanakihusu sana. Katika viwanda vingi vya Nakawa na Namanve cheo hufuata cheti. Fundi aliyeshika mashine miaka 15 husimamiwa na kijana aliyefika juzi, na tofauti ya mishahara yao huenda ikawa karatasi moja tu ya hisabati ambayo mmoja alifaulu na mwingine hakufaulu. Tukidai nyongeza ya mshahara huku tukinyamaza juu ya karatasi hiyo, tunadai nusu.

Wala asije mtu akatuambia kwamba vyuo si mahali pa watu wa mikono. Makerere yenyewe, ambayo leo huitajwa kwa heshima kubwa, ilifungua milango mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa kutwa, na walichofundishwa ni useremala, ujenzi na umakanika. Watu wa randa na nyundo ndio waliotangulia pale kilimani.

Sasa tuyatazame yanayotokea. Mwenzetu mmoja, fundi umeme katika kiwanda ambacho hatutakitaja hapa, aliomba abadilishiwe zamu kwa usiku mmoja tu, maana kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa na karatasi ya hisabati. Msimamizi alimjibu kwamba mitambo haisomi ratiba ya chuo. Akafanya kazi usiku kucha. Aliyekuja kumpokea zamu alichelewa, Barabara ya Jinja ilikuwa imefunga kama kawaida yake, na hata boda boda haikumsaidia. Aliingia ukumbini saa tatu na dakika 20. Walimkubalia kwa sababu nusu saa ilikuwa haijapita.

Mtihani ulikuwa wa muda wa saa 3 na alama 100. Saa 3 ni dakika 180, kwa hiyo kila alama ina dakika 1.8. Dakika 20 zilizopotea njiani ni alama 11. Mwenzetu alipata 44, na alama ya kufaulu ilikuwa 50. Hesabu hiyo haihitaji diploma. Tena hatujahesabu usingizi, ambao hauna alama lakini ndio unaomfanya mtu aandike jumlisha mahali pa kutoa. Na karatasi iliyoanguka hurudiwa pale somo linapofundishwa tena, jambo linaloweza kuchukua mwaka mzima, na ada ya kurudia ni juu yako.

Hata hivyo tusiwatupie waajiri lawama yote. Wengi wetu hujiandaa vibaya. Mtu hukusanya karatasi za mitihani ya miaka mitano iliyopita, akakariri majibu kama anayekariri namba za simu. Mtahini akibadilisha tarakimu mbili tu, mtu huyo amekwisha. Hisabati haiingii kwa macho, huingia kwa mkono. Swali ulilolisoma na kulielewa likiwa limekwisha fanywa na mwingine bado hujalifanya. Karatasi za zamani zina kazi moja nzuri, nayo ni kujipima kwa saa. Keti, weka saa mezani, funga daftari. Kama maswali ni matano ya alama 20 kila moja, basi kila swali lina dakika 36, na zikiisha uache nafasi uende swali linalofuata, hata kama roho inakuuma. Wanaoanguka si wale tu wasiojua. Wapo waliokaa saa nzima juu ya swali moja wakitafuta jibu lake, wakaacha mawili waliyoyajua. Tena andika hatua zote. Mtahini huweka alama kwa njia uliyopita, siyo kwa jibu peke yake, na hatua uliyoifanya kichwani hawezi kuiona.

Na mafundi wetu wana mali ambayo hawajui kwamba wanayo. Fundi bomba ajua bila kuambiwa kwamba maji yakiingia kwa kasi ileile katika tangi lenye umbo la faneli, mwanzoni kina hupanda upesi, kisha husuasua kadiri tangi linavyopanuka. Akiulizwa jambo hilohilo kwenye karatasi, kwa herufi V na h na t, anatoka jasho. Lakini swali ni lilelile. Chukua kwanza tangi lililonyooka kama pipa, lenye nusu kipenyo cha mita 1. Likipokea nusu mita ya ujazo ya maji kila dakika, maji hupanda karibu sentimita 16 kwa dakika, tangu chini hadi juu. Katika faneli jibu hubadilika kila unapopima, na kalkulasi ni ufundi wa kupima kitu kinachobadilika huku unakipima. Mwalimu anayeanzia kwenye tangi hupata wanafunzi. Anayeanzia kwenye herufi hupata watu wanaonakili ubao. Ndiyo maana twapenda vikundi vya Jumamosi mchana ambako fundi humweleza fundi mwenzake kwa mifano ya kazini. Anayeeleza naye hugundua pale ambapo alikuwa anajidanganya kwamba anajua.

Lakini kikundi hakiwezi kumpa mtu usiku wa kulala. Hapo ndipo mkataba unapohitajika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi likizo yenye malipo ya siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, yaani siku 21 kwa mwaka. Likizo hiyo ni ya kupumzika. Wenzetu huimega vipande vipande kwa ajili ya mitihani, na mwaka ukiisha hawajapumzika hata wiki moja wala hawajawaona wazee kijijini. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mwaka 1974 mkataba namba 140 unaohusu likizo ya masomo yenye malipo. Kenya iliuridhia mwaka 1979 na Tanzania mwaka 1983. Tungependa viongozi wetu wa kitaifa waulize waziwazi serikali yetu inasemaje juu yake.

Waajiri watalia gharama. Haya, tuhesabu pamoja nao. Mwanafunzi mwenye karatasi sita kwa muhula na mihula miwili kwa mwaka ana siku 12 za mtihani. Kwa siku hizo 12 mwajiri anapata fundi anayeweza kusoma michoro na kukokotoa mzigo wa umeme bila kumwita mtaalamu wa nje anayelipwa kwa saa. Sisi hatuoni hasara hapo.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi. Vyuo vingi havimruhusu mtu kuketi mtihani bila kibali, na kibali hakitoki mpaka ada imalizike. Mtihani ukiwa tarehe 3 na mshahara ukitoka tarehe 10, mfanyakazi hukimbilia wakopeshaji wa riba kubwa, au hubaki nje ya ukumbi akiwa na kalamu mkononi. Mshahara unaochelewa umewahi kumwangusha mtu hisabati kabla hajafungua karatasi.

Wala tusiwasahau walimu. Mwezi Novemba 2016 Makerere ilifungwa wahadhiri walipogoma kwa ajili ya malipo yao yaliyolimbikizwa, na haikufunguliwa hadi Januari 2017. Wapo wanafunzi waliowalaumu wahadhiri. Sisi twasema anayetunga mtihani naye ni mfanyakazi, na anayesahihisha mamia ya karatasi usiku kwa malipo yasiyofika ana kisa kilekile cha fundi wetu wa zamu ya usiku.

Kwa hiyo twaomba kila tawi liingize vifungu vitatu katika mazungumzo ya mkataba yajayo. Siku ya mtihani iwe na malipo na isikatwe katika likizo ya mwaka. Asipangwe mtu zamu ya usiku unaotangulia mtihani wake. Na mwenye barua ya chuo inayoonyesha tarehe ya mwisho ya ada aweze kupewa sehemu ya mshahara wake mapema. Makatibu wa matawi waandike majina ya wanaosoma, vyuo vyao na ratiba zao, wayapeleke ofisini kabla mazungumzo hayajaanza, kwa maana mwajiri atakachouliza kwanza ni idadi yao.