Amri ya Kutoiba Haiulizi Dini ya Mwenye Mali



Mwaka 1984 vitu 17 viliibwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Kimojawapo kilikuwa lipiko, kinyago cha Kimakonde kinachovaliwa kichwani katika ngoma za jando. Wenyeji wa Newala, Tandahimba na Mtwara, na ndugu zao wa ng'ambo ya Ruvuma, hawahitaji kuelezwa lipiko ni nini. Mchezaji akishalivaa, wanawake na watoto ambao hawajaingia jando hawatakiwi kujua ni nani aliye ndani. Kwa wazee wa pwani yetu ya kusini, hicho si kipande cha mti tu.

Mwaka 1985 kinyago hicho kilinunuliwa na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 profesa Mtaliano, Enrico Castelli, akakitambua kuwa ni kile kilichoibwa Tanzania. Kuanzia hapo ukweli ulijulikana. Hata hivyo, makubaliano ya kukirudisha yalitiwa saini Mei 2010, kwa msaada wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho. Hesabu mwenyewe: mwizi hakuchukua muda mrefu, lakini kurudisha kulichukua miaka 20 baada ya ukweli kujulikana.

Najua baadhi yetu kanisani tutasema, "Vinyago, mizimu, mambo ya kale. Mkristo vinamhusu nini? Si afadhali vimeondoka?" Ndugu yangu, hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo Jumapili ya leo.

Amri ya kutoiba haina kifungu kinachosema mali ya mpagani ni halali kuchukuliwa. Haiulizi kama mwenye mali amebatizwa, wala kama kitu chenyewe kina thamani machoni petu. Inauliza jambo moja tu: ni chako? Kama si chako na hukupewa, umeiba. Ukiona mila fulani ina kasoro, hubiri, fundisha, ishi maisha yatakayomvuta jirani kwa Kristo. Lakini usiufanye wokovu kuwa pazia la kufichia wizi.

Kanisa la huku kusini lina historia nzuri ya kutukumbusha jambo hili. Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi mwaka 1926, hakutaka kuifuta jando yote kwa mkupuo. Alikaa na wazee, akatafuta namna vijana wa Kikristo watakavyopitia jando bila kuiacha imani yao. Wapo waliompinga na wapo waliomsifu. Kwa vyovyote vile, aliwaheshimu wenye mila kiasi cha kuwauliza. Mwizi hamuulizi mwenye kitu.

Sasa twende Kenya, kwa ndugu zetu Wamijikenda wa pwani. Wao huchonga vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee waliofariki, na kuzisimamisha karibu na maboma yao. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili alivyosimamisha kwa ajili ya ndugu zake marehemu. Mtafiti aliporudi kumpelekea picha hiyo, alimkuta mzee ana huzuni. Vigango vyote viwili vilikuwa vimeibwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta.

Vikaonekana miaka mingi baadaye. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, mtafiti huyo aliona picha za mkusanyo wa chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois, akakitambua kigango kimojawapo. Cha pili kilikuja kupatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vikarudishwa Kenya, lakini yule mzee alikuwa amekwisha kufariki. Familia ilipokea, yeye mwenyewe hakuvigusa tena.

Tafakari uzito wa jambo hilo. Mzee wa kijijini hana mlinzi wala ukuta, na hana wakili. Kilichokuwa kinalinda mali yake ni kitu kimoja tu: heshima ya watu waliomzunguka. Heshima ilipoondoka, mali nayo ikaondoka.

Na nani anayejua njia ya kwenda kwa mzee kama huyo usiku? Mtu wa Geneva au wa Virginia haijui. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi mkono wa kwanza ni wa kijana wa hapohapo mwenye shida ya fedha. Mkono wa pili ni wa mfanyabiashara wa mjini asiyeuliza. Wa tatu ni wa tajiri anayetaka pambo la ukutani. Kila mmoja anasema moyoni, "Mimi sikuiba, mimi nimenunua tu." Mbele ya Mungu mikono hiyo mitatu imeshika kitu kimoja.

Mnakumbuka jinsi nabii Nathani alivyomwendea Daudi, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Alimsimulia habari za tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja. Angalia jambo hili: Nathani hakutaja bei ya yule mwanakondoo. Sokoni alikuwa mwanakondoo kama wengine. Alitaja jinsi maskini alivyomlea pamoja na watoto wake na kumpenda kama binti. Biblia inapima wizi kwa kumtazama aliyeibiwa.

Basi tuulizane sisi tunaoishi Mtwara, Mikindani, Msimbati na vijiji vya kuelekea mlango wa Ruvuma. Wapo bibi na babu zetu wanaoishi peke yao, macho yamefifia, watoto wako Dar es Salaam. Ndani ya sanduku la bibi huenda kuna rupia za Mjerumani, shanga, kinyago cha mpingo alichochonga marehemu mumewe, labda ndonya ya mama yake. Anajua idadi yake kwa kupapasa. Siku anakuja mjukuu na mgeni mwenye maneno matamu, anamwachia bibi kilo mbili za sukari, wanaondoka na sanduku. Bibi akilalamika tunasema amezeeka, anasahau. Huo ni wizi mara mbili: tumemwibia mali, kisha tunamwibia na akili zake.

Tufanye nini? Kwanza, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, mnapowatembelea wajane na wagonjwa msiishie kwenye sala. Kwa ruhusa ya mwenye mali, pigeni picha vitu vyake, andikeni orodha mbele ya mashahidi, na nakala abaki nayo yeye mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kule Kenya ni picha moja iliyoleta ushahidi. Pili, anayeuziwa kitu cha kale aulize kimetoka kwa nani, na akikosa jibu aache. Isitoshe, tangu mwaka 1964 tunayo sheria ya mambo ya kale inayolinda vitu vya aina hii.

Tatu, na hili ndilo gumu: aliyechukua arudishe. Zakayo hakuishia kusema anasikitika. Aliahidi kulipa mara nne. Torati, katika Walawi sura ya 6, ilimtaka aliyechukua kwa hila arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, siku ileile anapopeleka sadaka ya hatia. Tunapenda sana nusu ya pili, ile ya madhabahuni. Nusu ya kwanza tunaisogeza mwaka hadi mwaka, na wakati tunaisogeza, mwenye mali anazeeka.

Kama kuna kitu nyumbani kwako ambacho mwenyewe bado yu hai, mpelekee wiki hii, angali anaweza kukipapasa na kukitambua.