Oili Nzito Haiponyi Injini

Mwandishi aliyewashauri wanabodaboda wa Likoni na Kisauni watie oili nzito pikipiki iliyofunguliwa injini ikianza kula oili, amewapoteza. Oili nzito huficha dalili tu. Ubovu unabaki ndani.

Moshi ndio wa kutazamwa kwanza. Ukitoka wa bluu asubuhi unapowasha, kisha ukatoweka, shuku sili za valvu. Ukitoka unapopanda mlima wa Changamwe na abiria, shuku ringi: huenda fundi alizipanga mianya yake ikalingana, akazigeuza juu chini, au alitia ringi mpya kwenye silinda iliyokwisha kulika. Pima mgandamizo, tia oili kidogo kupitia tundu la plagi, pima tena. Ukipanda sana, tatizo ni ringi au silinda. Kama hakuna moshi, tafuta uvujaji wa nje.

Na ushauri wake wa kubembeleza injini mwezi mzima baada ya kufunguliwa? Ringi mpya hukaa kwa mzigo wa wastani, mwendo ukipanda na kushuka. Ukiibembeleza, silinda hung'aa na oili huendelea kupita. Dereva aliyelipia kazi ya kufungua injini amrudie fundi na vipimo mkononi, adai ifunguliwe tena.