Kazie ya mukubwa na kazie ya mutoto wa Kikula



Kila mwenye kutafuta kazi hapa kwetu anajua kazie, ile karatasi ya parke yenye kuonyesha kama tribinali ilishakupatia azabu. Unaomba kazi ya zamu ku kompani ya mukuba, banakuuliza kazie. Unataka kuingia polisi, ni vilevile. Hatukatai. Mutu mwenye atabeba bunduki ao funguo za depo, lazima maisha yake ya nyuma yaangaliwe.

Lakini inchi inaangalia namna gani bakubwa?

Mwaka 2009, tribinali ya kijeshi ilimuhukumu Gédéon Kyungu Mutanga kifo, juu ya makosa dhidi ya ubinadamu. Mu 2011 akatoroka gereza ya Kasapa. Wakati alijitoa mu 2016, hakurudishwa gerezani: alipokelewa na sherehe, akapewa nyumba ku Lubumbashi. Mu Marsi 2020 akatoroka tena.

Tuchukue Jean-Pierre Bemba. Mu 2018, mahakama ya La Haye ilimuachilia huru juu ya makosa ya vita, lakini azabu ya kuhonga mashahidi ilibakia. Ni juu ya ile azabu alikataliwa kugombea uraisi mwaka uleule. Mu Marsi 2023, akawa waziri wa ulinzi. Kosa lenye lilimufungia mulango wa uraisi halikumufungia mulango wa jeshi.

Na kijana wa Kikula mwenye alifungwa miezi tatu juu ya kuiba mawe ya mukuba, akamaliza azabu yake? Hata kazi ya kufagia anakosa. Katiba, artikle 12, inasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria.

Tunaomba:
- Kompani ziandike wazi ni makosa gani yanazuia kazi gani, na kwa miaka ngapi.
- Parke ibandike ku mulango bei ya kazie na siku za kungoja.
- Mwenye kushitakiwa tu, bila hukumu, asihesabiwe mwizi: artikle 17 inamulinda.
- Kipimo kianzie kwa benye kuongoza jeshi na polisi.

Kama banakukatalia kazi juu ya kazie, usirudi nyumbani kimya. Omba sababu kwa maandishi, chunga kopi, utuletee.