Tovuti Ijibu Swali la Mteja, Isimsifu Bosi

Fungua tovuti ya kampuni yoyote ya hapa kwetu, uwezekano mkubwa utapokewa na picha ya mkurugenzi aliyekunja mikono kifuani, maneno “Karibu kwenye tovuti yetu”, kisha Dira, Dhamira na Maadili ya Msingi. Bei hakuna. Namba ya simu imo ndani ya bango, huwezi hata kuinakili. Halafu mwenye tovuti anashangaa kwa nini akitafuta biashara yake Google haioni.

Mimi ni fundi wa tovuti hapa Dar es Salaam, na malalamiko hayo ndiyo huja nayo karibu kila mteja mpya. Wengi wanataka niwauzie dawa ya siri. Ninachowaambia hakiwafurahishi: Google imeshafika kwako, bosi, ila haikukuta kitu cha kusoma.

Mitambo ya utafutaji hutuma programu inayofuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Inasoma maandishi, kisha inayahifadhi mfano wa faharasa iliyo mwisho wa kitabu: neno hili limo katika kurasa hizi na hizi. Mtu akiuliza, kinachopekuliwa ni faharasa hiyo. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, walikuja na wazo la kuupima pia uzito wa ukurasa kwa kuangalia ni kurasa zipi nyingine zinauelekezea viungo. Vipimo vimeongezeka sana tangu hapo, lakini usipoandika kile mtu anachokitafuta, huna cha kupimiwa.

Nina mteja Kariakoo anayeuza pampu za maji za sola. Wanunuzi wake wengi ni wakulima wa Kilosa na Ifakara. Tovuti aliyokuja nayo ilikuwa na kichwa “Home”, na chini yake “Suluhisho Bora za Maji kwa Maendeleo Endelevu”. Sasa niambie, ni mkulima gani atakayeshika simu na kuandika maneno hayo? Mkulima anaandika “bei ya pampu ya sola kisima mita 40”.

Sikuanza na kompyuta. Nilikaa na dada anayepokea simu dukani, maana maswali ya wateja anayajua kuliko bosi wake. Akayamwaga: Kisima changu ni kirefu, itavuta? Paneli ngapi zinatosha? Mawingu yakitanda inakuwaje? Mnatuma kwa basi? Kila swali tukalipa ukurasa wake, kichwa cha ukurasa kikawa swali lenyewe, na jibu likaanza mstari wa kwanza. Kila picha ya pampu tukaiandikia maelezo mafupi ya maneno, ambayo pia humfaa asiyeona anayesomewa na simu yake. Kurasa tukazifanya nyepesi, kwa sababu mtu wa Ifakara anatumia bando lake mwenyewe.

Vita ilikuwa kwenye bei. “Dada, washindani wataiona,” alisema bosi. Nikamjibu kwamba washindani wake wanaijua tayari. Wanamtuma kijana dukani aulize kama mteja. Asiyeijua ni mkulima tu. Bei ikaandikwa, pamoja na mwezi iliyowekwa. Siku hizi wanaopiga simu hawaulizi kama pampu zipo. Wanauliza basi linaondoka saa ngapi.

Najua kuna atakayesema wateja wote wako Instagram na WhatsApp. Wapo, na siwazuii wafanyabiashara kuwafuata huko. Lakini stetasi ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24, na posti ya “bei njoo DM” inazama chini ya nyingine kabla ya jioni. Mtu anayetafuta pampu mwezi ujao hatavikuta. Ukurasa ulioandikwa vizuri unaendelea kuhudumia wateja hata usiku duka likiwa limefungwa.

Ofisi za umma zina deni kubwa zaidi, kwa sababu mwananchi hana duka la pili la kwenda. Barua inachapishwa, inapigwa muhuri, inaskaniwa ikiwa imepinda, kisha inapandishwa mtandaoni kwa kichwa “TANGAZO KWA UMMA”. Google hujaribu kusoma maandishi yaliyo ndani ya nyaraka za picha, lakini muhuri ukikaa juu ya tarehe itakisia tu. Na hata ikisoma, kichwa hicho kinafanana na matangazo mengine yote nchini. Kwa nini kisiwe “Maji kukatika Kimara Jumamosi”, na tangazo lenyewe likachapwa kwa herufi za kawaida? Hilo halihitaji bajeti wala semina.

Jihadharini pia na wanaouza “namba moja Google” kwa malipo ya kila mwezi. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi hiyo. Wengine bado wanatoza fedha kwa kujaza orodha ya maneno muhimu yaliyofichwa kwenye msimbo wa ukurasa, ilhali Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii kupanga matokeo. Kurudia “pampu pampu pampu” kila sentensi ni mbinu ya zamani ambayo sasa inakushusha. Akitokea fundi wa namna hiyo, muombe akuonyeshe ripoti ya Search Console. Ni huduma ya bure ya Google inayokuonyesha maneno yaliyowafikisha watu kwako. Akikwepa, funga mkoba.

Kuna jambo linalonikera kuliko yote. Watu wetu wanauliza kwa Kiswahili, sisi tunawajibu kwa Kiingereza ili tuonekane wa kisasa. Sasa akili bandia nayo inatunga majibu yake kutokana na maandishi iliyoyakuta mtandaoni. Kama hakuna aliyeandika kwa Kiswahili kuhusu kisima cha Kilosa, mkulima atapewa jibu lililoandikwa kwa ajili ya shamba la nchi nyingine, kwa vipimo na bei zisizo zake. Pengo hilo halitazibwa na wahandisi wa California. Anayeijua bei ya Kariakoo ni mwenye duka la Kariakoo.

Kwa hiyo, wewe mwenye tovuti, kabla hujalipa mtu yeyote, kaa na anayekupokelea simu. Andika maswali anayoulizwa kila siku, yajibu kwa Kiswahili, weka bei na tarehe, kisha yapandishe kama maandishi. Picha ya mkurugenzi ipelekwe ukurasa wa “Kuhusu Sisi”.