Rozari na Kioo



Simameni asubuhi kando ya barabara yoyote ya Bukavu, mtazame pikipiki zinavyopita. Kwenye usukani wa nyingi kati yake mtaona rozari inaning'inia. Mara nyingi imefungwa kwenye kile chuma chembamba kilichowekwa pale ili kishike kioo cha kutazamia nyuma. Kioo chenyewe hakipo. Kilivunjika zamani, au kiling'olewa ili pikipiki ipenye kwa urahisi kati ya magari. Rozari imebaki, kioo kimekwenda.

Sina neno baya juu ya rozari. Hata mimi ninayo. Lakini kuna jambo ambalo katika vikundi vyetu hatupendi kulisema, nami leo nataka kulisema wazi. Mtu anayemwomba Mungu amlinde njiani, huku akijua kwamba breki yake haishiki, amemrudishia Mungu kazi ambayo Mungu alimkabidhi yeye. Sala ya namna hiyo haina unyenyekevu. Ni uvivu uliovaa nguo ya ibada.

Naandika hayo kama mtu mwenye deni. Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu kilikuwa kikienda mafungo katika parokia moja nje ya mji. Tulikuwa watu 12, na mimi nilikuwa mweka hazina. Fedha tuliyokusanya ilitosha kukodi pikipiki 6. Nilikaa nikahesabu: tukipanda watatu watatu nyuma ya dereva, pikipiki 4 zatosha, na fedha itakayobaki itatusaidia kununua vitenge vya sikukuu. Hakuna aliyepinga. Wengine hata walinisifu kwamba najua kutunza mali ya kikundi.

Pikipiki ya tatu iliendeshwa na kijana wa parokia yetu, motari wa miezi michache tu. Waya ya breki yake ya mbele ilikuwa imekatika siku nne kabla. Alikuwa akingoja apate fedha ya kununua nyingine, akiisha kumlipa mwenye pikipiki malipo yake ya kila jioni. Tulipofika juu ya mteremko mrefu, alitoa gia na kuzima injini, kama wengi wanavyofanya ili kupunguza matumizi ya esansi. Katikati ya mteremko breki ya nyuma ikaanza kulegea. Alikanyaga tena na tena, nayo ikazidi kukosa nguvu. Kwenye kona pikipiki iliingia mferejini pamoja na watu wote wanne.

Dada mmoja wa kikundi chetu alivunjika mguu. Zilibaki wiki tatu tu afanye mtihani wa Serikali. Hakuufanya, alingoja mwaka mzima, akiwatazama wenzake wakienda chuo kikuu. Leo anatembea vizuri, ila majira ya mvua yakifika mguu humkumbusha siku ile. Kati ya wanne wale hakuna aliyekuwa amevaa kaske. Kwamba hakuna aliyekufa, twasema ni neema, nami namshukuru Mungu kweli. Lakini neema si ruhusa ya kurudia kosa.

Tulipokuwa tumekaa nje ya chumba cha wagonjwa, mmoja alisema, «Ni mapenzi ya Mungu.» Mwingine akasema ni kazi ya adui. Mimi nilinyamaza, kwa sababu fedha ya vitenge ilikuwa bado mfukoni mwangu. Mungu hakuikata waya ile. Shetani hakuchagua pikipiki 4 badala ya 6. Mimi ndiye niliyehesabu.

Baadaye nilimwendea fundi mmoja mzee, nikamwomba anieleze jinsi mambo yale yalivyotokea. Maelezo yake yalinifundisha kuliko hotuba nyingi nilizosikia, nami nawashirikisha ninyi.

Pikipiki inapofungwa breki, uzito wake huinamia mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini na kuishika barabara kwa nguvu, lakini la nyuma huwa jepesi. Ndiyo sababu, kwenye barabara kavu, breki ya mbele hufanya sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kusimamisha chombo. Wengi wetu twaiogopa kwa kuwa tumeambiwa kwamba itatupindua. Humwangusha kweli yule anayeikamata ghafula penye mchanga, penye matope au katikati ya kona. Anayeikaza polepole, pamoja na ile ya nyuma, pikipiki ikiwa imenyooka, huyo itamsaidia. Basi dereva aliyekatikiwa waya ya mbele hakupoteza breki moja kati ya mbili, kana kwamba zinalingana. Alipoteza ile iliyo kubwa.

Tena, injini iliyo kwenye gia ndogo huishika pikipiki isikimbie katika mteremko. Ukiizima na kutoa gia, kazi yote huiangukia breki. Breki ya nyuma ya pikipiki zetu nyingi ni ya vipande viwili vinavyosugua ndani ya gurudumu. Vikisuguliwa mfululizo hupata moto, na vikiisha kupata moto sana hupungukiwa nguvu. Ongeza hapo uzito wa abiria watatu. Esansi iliyookolewa katika mteremko ule isingejaza hata chupa moja ya soda.

Fundi alinieleza pia habari ya mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, njia unayohitaji ili breki ikusimamishe huongezeka mara nne. Anayekwenda kilometa 60 kwa saa hupita karibu meta 17 katika sekunde moja tu, kabla hata mkono wake haujaigusa breki. Mtoto aliyetokea ghafula barabarani hana habari ya hesabu hiyo; ni wewe unayepaswa kuijua kwa niaba yake. Na wale wenye skuta zisizo na gia, ambazo breki zote mbili hukamatwa kwa mikono, wasidhani wamesalimika. Skuta haina gia ndogo ya kuchagua ili ikushike mteremkoni, kwa hiyo breki zake zahitaji uangalizi zaidi.

Mtaniuliza: je, kwa nini jambo la fundi liletwe kwenye ukurasa wa tafakari? Naleta kwa sababu wanaokufa ni sisi. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilitangaza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 ajali za barabarani ndizo zinazoua kuliko ugonjwa wowote. Huo ndio umri wa watoto wa katekisimu na wa vijana wa kwaya. Kuhusu kaske, uchunguzi uliounganisha matokeo ya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba humpunguzia anayepata ajali ya pikipiki hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Kaske iliyotundikwa kwenye mkono au kwenye tangi haimo katika hesabu hiyo. Wala ile iliyovaliwa bila kufungwa kidevuni, maana huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Nimewaona watu wetu wakivuka Ruzizi kwenda ng'ambo kwa shughuli zao. Huko abiria wa pikipiki hupewa kaske, naye huivaa bila neno. Mtu yuleyule, akirudi upande wetu jioni, husema kwamba kaske inaharibu nywele, ina jasho la wengine, inaleta joto. Sisemi hayo ili kumsifu jirani na kuwadharau ndugu zangu. Nauliza tu: je, kichwa chetu kina thamani ndogo zaidi tukiwa nyumbani? Anayeogopa jasho na afunge kitambaa safi kichwani kwanza. Kitambaa hufuliwa, fuvu haliungwi kwa sabuni.

Sasa yafaa kufanya nini? Kabla ya abiria wa kwanza, dakika kumi zinatosha. Kaza breki zote mbili, ukiisukuma pikipiki uone kama magurudumu yanasimama. Tazama waya zake kama hazijaanza kuchanika nyuzi, hasa karibu na mkono. Gusa matairi yakiwa bado baridi, uangalie upepo wake, misumari, na kama meno yake hayajaisha. Bonyeza mnyororo katikati: katika pikipiki ndogo nyingi unapaswa kucheza kama sentimita 2 hadi 3, si zaidi sana, nao usiwe mkavu wala na kutu. Pima mafuta ya injini pikipiki ikiwa imesimama wima. Washa taa ya mbele, ya nyuma, ya breki na zile za kuonyesha kona, piga honi. Kaza nati zilizolegea. Rudisha kioo mahali pake. Hakuna hata moja katika kazi hizo inayodai fedha, isipokuwa pale utakapogundua kitu kibovu. Na hapo umegundua kwa bei ndogo kile ambacho ungekijua kwa bei kubwa.

Najua jibu litakalotolewa, nalo si jibu la kudharau: «Sina fedha.» Motari wengi si wenye pikipiki. Kila jioni wanapaswa kupeleka malipo, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wapatikane wasipatikane. Anayelala njaa hawezi kuambiwa kirahisi anunue breki mpya. Kwa hiyo lawama isiishie kwake peke yake. Wenye pikipiki ni wazazi wetu, walimu wetu, wafanyabiashara wanaokaa nasi kanisani siku ya Dominika. Mwenye chombo anayepokea malipo yake jioni bila kuuliza hata mara moja hali ya breki, na anayemwachia kijana gharama zote za fundi, anakula fedha yenye hatari ya mwingine ndani yake. Waya niliyoitaja ilikuwa na bei ndogo kuliko malipo ya jioni moja. Naamini kwamba kuacha malipo ya jioni moja, ili pikipiki itengenezwe, ni haki na si sadaka.

Na abiria je? Sisi ndio tunaosema, «Kaza mwendo, nimechelewa.» Sisi ndio tunaojibana watatu ili tugawane bei. Dereva akikataa, tunamwacha na kumwita mwingine asiyekataa. Hivyo tunamfundisha kwamba uangalifu ni hasara.

Kanisa halikunyamaza juu ya hayo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, yafundisha kwamba wanaohatarisha usalama wao na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wana kosa zito. Mnamo Juni 2007 Vatikano ilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, na ndani yake mna amri kumi za madereva. Ya kwanza ni ileile tuijuayo tangu utoto, inayokataza kuua. Tumezoea kuungama hasira na uongo. Ni nani kati yetu aliyewahi kuungama kwamba alimpakia mtu kwenye pikipiki isiyo na breki?

Kwa hiyo naviomba vikundi vyetu mambo matatu. La kwanza: safari yoyote ya kikundi iwe ya abiria mmoja kwa pikipiki moja. Fedha isipotosha, waende wachache, au tutembee kwa miguu, au mafungo yafanyike nyumbani. Nakiri kwamba hata zile pikipiki 6 zingekuwa chache kwa watu 12. La pili: michango yetu inunue kwanza kaske chache za kikundi, kabla ya vitenge. La tatu: Jumamosi moja katika kila majira tumwalike fundi kwenye uwanja wa parokia, awafundishe vijana wa kiume na wa kike kukagua pikipiki, na motari wote wa mtaa wakaribishwe, wawe wakatoliki au wasiwe, kwa maana barabara haiulizi dini ya mtu.

Lipo na jambo moja zaidi. Watu huleta pikipiki mpya mbele ya kanisa, nazo hubarikiwa. Ni desturi nzuri. Napendekeza kwamba siku hiyo fundi awe amekaa langoni na bisibisi zake, na kila pikipiki ipite kwake kwanza. Ile isiyoshika breki itengenezwe, halafu ndipo iende kwa padri ikapokee maji ya baraka. Yule motari wetu alipopata pikipiki nyingine alifanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Rozari yake ameifunga tena kwenye chuma kilekile. Ila sasa, ili uione, ni lazima utazame chini ya kioo.