Msikiti si Shitingi

Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa wenyeviti wa zoni na mashirika, ofisa mmoja alitueleza kwa upole kabisa kwa nini msikiti wetu hauwezi kuwekewa msingi wa mawe. "Wazee wangu," alisema, "nyinyi mko hapa kwa muda. Historia ya misikiti mtaikuta kwenu mkirudi." Halafu akaingia ajenda ya vyoo.

Sina ugomvi na vyoo. Wala sikumjibu pale, maana imamu wetu alinikanyaga mguu chini ya benchi. Najibu hapa, kwenye kijarida chetu, ambako imamu hawezi kunikanyaga.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Lakini mama yangu alizaliwa Biryogo, Kigali, na nilipokuwa mdogo likizo zangu zote nilikula huko kwa bibi. Sasa ndugu msomaji, hasa wewe wa shirika uliyefika juzi, sikiliza vizuri jina la zamani la sehemu zile: Camp Swahili. Kambi ya Waswahili. Ndiyo, kambi! Hata sisi tulitoka kambini kabla ya kuja kambini.

Ilikuwaje? Kigali kama mji ilianza 1907, Mjerumani Richard Kandt alipoweka ofisi yake pale. Nyuma ya Wajerumani walikuja askari, makarani, wapagazi na wafanyabiashara, wengi wao watu wa pwani na wa Ujiji, na wengi wao Waislamu. Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya ofisi na ya soko. Mwaka 1913 wakapata msikiti, ambao unahesabiwa kuwa wa kwanza Rwanda nzima, Al-Fat-h, ule watu wa Nyamirambo wanaouita msikiti wa kijani. Miaka sita tu baada ya mji wenyewe! Hakuna aliyewaambia wale wapagazi kwamba wako kwa muda, au kama waliambiwa, hawakusikia.

Mwaka 1916 akaingia Mbelgiji. Yeye Waislamu aliwaona watu wa Mjerumani, na mapadri hawakuwapenda hata kidogo. Basi wakatengwa mijini, wakae pamoja, na kwenda mashambani ikawa ni kwa kibali. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, kwa hiyo mtoto wa Kiislamu ama abadilishe jina na kubatizwa, ama abaki nyumbani. Wengi walibaki. Ndiyo maana mpaka leo ukitafuta dereva, makanika, mshonaji au muuza vitambaa katika miji yetu unaelekezwa kwa Waswahili. Watu wanadhani ni tabia yetu tu kupenda magari. Si tabia, ni mlango uliofungwa, watu wakatokea dirishani.

Na neno lenyewe "umuswahili", kwa Kirundi na kwa Kinyarwanda, likageuka tusi. Maana yake mjanja, mwongo, mtu asiye na kwao. Hata humu kambini nalisikia kwenye foleni ya mgao, na wanaolitamka ni Warundi wenzangu ambao wenyewe hawana kwao pa kulala! Nacheka, halafu nanyamaza.

Sasa tazama mambo ya Mungu. Kwa vile walisukumwa mahali pamoja, wale watu waliochanganyika, Mmanyema, Mhutu, Mtutsi, Mngazija, Mhindi mmojammoja, walioana. Walizikana. Mtoto alikuwa wa mtaa kabla ya kuwa wa kabila. Bibi yangu ukimwuliza yeye ni nani alikuwa anajibu, "Mimi mtu wa Biryogo, wewe unatakaje?"

Mwaka 1994 jibu hilo likawa na bei. Katika siku zile mia moja Waislamu wengi wa Biryogo na Nyamirambo waliwaficha Watutsi ndani ya nyumba zao, wakawalisha, wakakataa kuwatoa. Hili linajulikana, na manusura wenyewe wamelisimulia. Lakini nisije nikawauzia malaika. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililochochea chuki, alikuwa Mwislamu, na mahakama ya Arusha ilimfunga kifungo cha maisha mwaka 2003, kikapunguzwa kuwa miaka 35 kwa rufaa mwaka 2007. Wapo na wengine wadogo kuliko yeye. Kwa hiyo sisemi dini ilitosha peke yake. Nasema kulikuwa na mahali ambapo watu walijuana kwa majina vizazi vitatu vinne, waliposimama bega kwa bega kila Ijumaa, na mtu kama huyo si rahisi kumkabidhi kwa mwenye panga.

Kwetu Buyenzi ni hivyohivyo, kwa kiasi chake. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura iligawanyika, Kamenge kwa Wahutu, Ngagara kwa Watutsi, ukikosea njia umekwisha. Buyenzi haikupona bila majeraha, tulizika. Lakini watu waliendelea kukaa mchanganyiko katika avenyu zile zenye namba, na mgeni aliyeingia anakimbia alikuwa anaulizwa kwanza kama amekula.

Haya ndiyo ofisa wetu anaita historia ya kuikuta kwetu. Mimi nasema historia haisubiri mtu arudi. Humu kambini vijana wanaoana, watoto wanazaliwa, wazee wanakufa. Kuna watoto wa madrasa ambao Burundi wanaisikia tu, kama mimi ninavyosikia Makka. Mtaa wao ni zoni yetu. Msikiti wa utotoni mwao ni huu wa miti na shitingi, wenye shimo upande wa kibla.

Kuna wenzangu pia, nisiwafiche, ambao wanampinga imamu kwa sababu nyingine kabisa. Mzee mmoja jirani yangu aliniambia, "Ukijenga kwa mawe umekubali huturudishi tena nyumbani." Namheshimu mzee huyo, na hofu yake naijua, maana usiku nami ninayo. Lakini babu yangu wa Biryogo alijiita mtu wa Ujiji mpaka anaingia kaburini, na pesa ya bati la msikiti alikuwa anatoa kila mwaka. Vyote viwili vilikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Nikisali juu ya sakafu kavu nitasahau njia ya Buyenzi? Mbona wanaosalia kwenye tope hawajafika nyumbani mapema?

Tena tusizungumze kama vile ni suala la moyo tu. Masika iliyopita maji yaliingia msikitini usiku, yakafika kwenye sanduku la imamu. Ndani mlikuwa na daftari la ndoa, talaka na maziko, tangu tulipofika. Tulilianika juani karatasi kwa karatasi, akina mama wakishika pembeni lisipeperuke. Kurasa nyingi zimebaki na michirizi ya wino tu. Wiki chache baadaye mjane mmoja wa zoni yetu alikwenda kwenye ofisi fulani kuomba watoto wa marehemu mume wake waandikwe kwenye karatasi yake. Akaulizwa, "Uthibitisho wa ndoa uko wapi?" Akajibu uko kwenye daftari la msikiti. Daftari lipi? Lile lililooga. Amerudishwa mara tatu.

Basi nielewesheni, ndugu wa mashirika, kwa taratibu kabisa, kwa sababu mimi ni makanika na akili yangu ni ya spana. Ofisi moja inasema nyumba ya kutunza karatasi ni anasa kwa watu wa muda. Ofisi nyingine inataka karatasi. Sisi tuingie wapi hapo katikati?

Hatuombi mnara. Hatuombi zulia kutoka Uturuki. Tunaomba ruhusa ya msingi wa mawe wenye urefu wa hatua ishirini, sakafu iliyoinuka juu ya maji, na kabati moja la chuma lenye kufuli. Mawe vijana wameshayabeba kutoka mtoni, yamelundikwa nyuma ya bomba la maji, kila mtu anayaona. Mafundi tunao humuhumu, wawili ni Wapentekoste na wamesema watafanya bure siku mbili kwa wiki. Saruji tutachanga, hata kama ni kikombe kwa kikombe.

Mkutano unaofuata ni Jumatano. Nimeshamwomba imamu akae benchi la mbele, mbali na mguu wangu.