Hezekia Alifungulia Wageni Hazina, Wewe Umewafungulia Simu



Kuna neno moja watakatifu wanapenda kuniambia nikitaja mambo ya intaneti: "Mchungaji, mimi nimeokoka, sina la kuficha." Leo nakujibu kwa upendo, lakini bila kuzunguka. Hilo si neno la imani. Ni neno la mtu ambaye hajui anachochukuliwa.

Kijana mmoja alikuja kwangu kuombewa. Kubeti kulikuwa kumemmaliza: mshahara, karo ya mtoto, hadi pesa za chama za mkewe. Kabla hajapata ujasiri wa kuniambia, alikuwa amekesha na simu akitafuta jinsi ya kuacha. Tangu usiku ule, kila ukurasa aliofungua, hata wa habari na wa mapishi, ulimletea matangazo ya kubeti na bonasi ya kuanzia. Mashine haimjui anayetafuta kubeti na anayelia apate kuacha. Kwake wote ni wateja. Wiki ya pili kijana akaanguka tena.

Mpendwa, lile lilikuwa ungamo lake la kwanza, na lilifika kwa mjaribu kabla ya kufika madhabahuni!

Hivi ndivyo inavyofanyika. Kivinjari, ile programu unayofungulia intaneti, huhifadhi vijifaili vinavyoitwa vidakuzi. Vingine vina kazi njema, vinakukumbuka usiandike nywila kila mara. Lakini vingine vimewekwa na kampuni za matangazo ambazo wewe hukuzitembelea, na hizo hukufuata kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Ukifungua ukurasa, nafasi ya tangazo hupigwa mnada kabla hujapepesa jicho. Na kinachonadiwa ni macho yako, pamoja na yale wanayoyajua juu yako: mahali ulipo, simu unayotumia, mambo unayoyafuatilia.

Utasema, "Mimi hutumia hali fiche." Hali fiche huficha historia kwa anayeshika simu yako baadaye, basi. Tovuti unayoingia bado inakuona, na kampuni inayokuuzia bando inajua umeingia wapi. Mwaka 2020 watu walishtaki Google huko California wakisema iliendelea kukusanya habari zao wakiwa katika hali hiyo. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi. Mabilioni, mpendwa! Hazifutwi kama hazikuwepo.

Sasa fungua 2 Wafalme sura ya 20. Hezekia alikuwa ameugua. Mfalme wa Babeli akasikia, akatuma wajumbe na zawadi. Ona vizuri: walikuja kwa sababu ya ugonjwa wake, na walikuja na kitu cha bure. Hezekia akafurahi, akawaonyesha fedha, dhahabu, mafuta, hata ghala la silaha. Hakubakiza kitu. Isaya alipofika aliuliza swali la mchungaji: wameona nini nyumbani mwako? Kisha akamwambia siku inakuja vyote vitabebwa hadi Babeli, na baadhi ya wanawe pia. Hezekia hakuwa mwizi wala mzinzi. Hakuwa na la kuficha. Alikuwa na la kulinda!

Wengine hunijibu, "Mungu anaona yote, wengine wakiona shida iko wapi?" Shida ni kwamba Mungu anakuona ili akuponye, hawa wanakuona ili wakuuze. Usiwape wafanyabiashara kiti cha Mungu. Bwana mwenyewe alipofundisha maombi, alitaja chumba cha ndani na mlango uliofungwa. Mlango kufungwa si dhambi.

Sikutishi na habari za 666. Nakuambia habari za simu iliyo mkononi mwako sasa hivi.

Na sisi watumishi tusijifiche nyuma ya mimbari. Fomu yetu ya maombi mtandaoni ilikuwa inauliza jina, namba ya simu na shida. Nilipochunguza, nikakuta siri za washirika zinasomwa na kamati nzima. Nimetubu mbele za Mungu, na natubu mbele yenu. Fomu ile imefungwa. Mpya haitauliza jina.

Kwa hivyo usiku wa leo, kabla hujalala, ingia kwenye mipangilio ya kivinjari chako, sehemu ya faragha. Zuia vidakuzi vya wahusika wengine. Ondoa ruhusa ya mahali ulipo kwa tovuti zisizoihitaji. Ukiulizwa kuhusu vidakuzi, usibonyeze "Kubali" kwa haraka ya kusoma udaku. Tafuta palipoandikwa "Kataa". Na ujue haki yako: Kifungu cha 31 cha Katiba yetu kinalinda faragha yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu kuuliza kampuni ina habari gani zako. Ikikukaidi, kuna Kamishna wa Data wa kumpelekea malalamiko.

Na wewe kijana unayepigana na jambo usiku peke yako, usiiambie mashine pekee. Nipigie. Mlango wangu hufungwa tukiingia wawili.

Baba, tufundishe kulinda ulichotupa, na umfiche mtoto wako anayewindwa kupitia udhaifu wake. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, sema AMINA, halafu uingie kwenye mipangilio.